Kupumua Mbele ya Daktari

Daktari wa macho alimwinua Kamisi kidevu, akamulika jicho la kulia, akamulika la kushoto, akasema yote mawili yana mtoto wa jicho na la kulia linaweza kusafishwa kesho asubuhi. Kamisi akamshukuru Mungu kwa sauti. Halafu sista akamfunga kile kitambaa cha kupima presha mkononi, akapampu, akasikiliza, akafungua, akafunga tena mkono wa pili. Daktari akaja kutazama. Wakasemezana Kiingereza cha chini chini.

"Mzee, hatuwezi," sista akasema. "Presha iko juu sana. Tukikata jicho na presha namna hii, damu itamwagika ndani na jicho itakufa kabisa."

"Lakini yeye amesema jicho iko tayari."

"Jicho iko tayari. Wewe ndiyo hapana tayari."

Kamisi akabaki pale kwenye benchi akijaribu kuyaelewa maneno hayo. Jicho hilo alilibeba mwenyewe kutoka Lobule mpaka Koboko, amekaa nyuma ya baiskeli ya watu, na kutoka Koboko mpaka hospitali hii ya Arua juu ya lori la magunia ya muhogo mkavu. Sasa jicho lipite, mwenye jicho abaki? Kichwa hakimuumi. Kifua hakimuumi. Asubuhi alikula akashiba. Huo ugonjwa umekaa wapi?

Huo ulikuwa mwaka wa tisini na mbili. Kamisi alikuwa sajini wa jeshi tangu enzi za Mwingereza mpaka sabini na tisa, jeshi lilipovunjika na watu wa Koboko wakavuka mpaka na watoto na kuku. Walikaa Yei, upande wa Sudani, miaka mingi. Waliporudi walikuta msitu umeingia mpaka kitandani. Kamisi akafyeka, akajenga, akalima, akamwoza binti yake Fatumah, na yote hayo aliyafanya akiona. Ndipo ukungu ukaanza. Kwanza alidhani ni moshi wa jikoni, akamgombeza mke wake Keji juu ya kuni mbichi. Kuni zikabadilishwa, moshi ukabaki.

Sasa hali ilikuwa imefika hapa: Keji anatangulia ameshika ncha moja ya fimbo, Kamisi yuko nyuma ameshika ncha ya pili, kama mbuzi anayepelekwa mnadani. Shambani hivyo, msikitini hivyo, na chooni hivyo. Hiyo ya chooni ndiyo iliyomuua. Mtu aliyewahi kuamrisha kikosi kizima, leo kijiji chote kinajua Sajini anakwenda chooni saa ngapi. Daktari alikuwa ameletwa kutoka Kampala kwa muda tu, angekuja tena Arua mara moja tu, baada ya watu kuuza tumbaku, na zaidi ya hapo hakuna aliyejua kama ataletwa tena. Presha ikiwa imeshuka siku hiyo, Kamisi atakatwa jicho na atatembea peke yake. Kama haijashuka, ni fimbo mpaka kaburini.

Sista aliitwa Driwaru, Mlugbara wa upande wa Inde. Kilugbara cha Kamisi kilikuwa cha kununulia nyama tu, na Kikakwa, lugha ya Kamisi, sista hakuwa nacho, kwa hiyo walikutana kwenye Kiswahili, kila mtu na chake. Kamisi hakumwona sura. Aliona weupe wa koti, mrefu, umesimama mbele yake, na kutoka ndani ya weupe ule ilitoka sauti nzito ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Akajiambia, huyu ni mama mkubwa, ana cheo. Akanyoosha mgongo.

"Sikia, mzee. Dawa hii utameza kila asubuhi, hapana ruka hata siku moja. Chumvi, punguza. Ile samaki kavu ya chumvi, acha. Halafu utafanya mazoezi."

"Mazoezi naweza," Kamisi akasema. Hilo lilikuwa la kijeshi, alilijua.

"Hapana mazoezi ya kuumia. Tembea kidogo kila siku, pole pole, mwendo wa mtu anaongea na mwenzake. Ukiona maneno inakatika mdomoni, umezidisha, pumzika. Halafu kaa kwenye kiti. Inua mikono pole pole, shusha. Nyosha mguu, rudisha. Halafu pumua."

Kamisi akasubiri. Sista naye akasubiri.

"Napumua namna gani?"

"Ingiza kwa pua, tumbo ifure kidogo. Toa kwa mdomo, pole pole, kama mama anapuliza moto na hataki majivu iruke. Hapana kaza. Hapana zuia pumzi. Ukisikia kizunguzungu ama kifua inauma, acha, kuja hospitali."

"Kwa muda gani?"

"Mpaka utulie."

Keji alikuwa amekaa pembeni, fimbo magotini. "Sista," akasema, "huyu anatulia wakati amelala tu. Na hata hapo anakoroma."

Njiani kurudi, juu ya lori, Kamisi aliyageuza maneno yale kichwani. Mpaka utulie. Tangu azaliwe hakuna mtu aliyewahi kumpa kazi isiyosema inaishia wapi. Chimba mpaka kwenye mti ule, linda mpaka mwenzako aje, hayo ni maneno. Lakini atajuaje kama ametulia, na akijua, si tayari ameanza kufikiri, na anayefikiri ametulia?

Asubuhi ya kwanza alimwacha Keji amelala. Akapapasa akapata viatu vyake vya jeshi, akavaa, akaweka fimbo kwapani. Kutoka nyumbani mpaka barabara, na kutoka barabara mpaka kwenye muhogo, njia hiyo miguu ilikuwa inaijua yenyewe. Akatoa kifua, akaingiza tumbo, akavuta hewa akaifungia ndani, akaenda kwiki machi. Keji alipotoka na ndoo alimkuta amekaa chini katikati ya muhogo, jasho linamtoka, midomo imebadilika rangi.

"Baba Fatumah, sista alisema mwendo wa mtu anaongea na mwenzake."

"Niliongea."

"Na nani?"

"Lefti, raiti."

Keji akaweka ndoo chini. Hakucheka, na hilo likamtia Kamisi hofu kuliko angecheka. "Kesho tunatembea wote," akasema. "Na wewe utajibu kila ninachokuuliza."

Basi wakaanza kutembea. Keji mbele, fimbo katikati, Kamisi nyuma. Keji anauliza, nani alinunua yule mbuzi wa kina Paska, Kamisi anajibu hajui, Keji anasema basi kisia. Mwendo ulikuwa wa pole mpaka Kamisi aliona haya. Ingekuwa wanakwenda mahali ingekuwa afadhali. Lakini walikuwa wanafika kwenye kona ya barabara na kugeuka, mikono mitupu, bila jembe, bila kikapu, bila kitu kichwani.

Na Lobule hakuna mtu anayetembea asubuhi mikono mitupu, pole pole, mume na mke pamoja, isipokuwa anakwenda msibani. Siku ya tatu ama ya nne, Rosa Kiden, jirani yao, akatoka amejifunga kitambaa kiunoni, akaingia nyuma yao bila kuuliza, na sura ameshaiandaa. Baadaye kidogo wakaingia wengine wawili. Walipofika kwenye kona na Keji kugeuka, msafara wote ukagongana.

"Nani amekufa?" Rosa Kiden akauliza kwa sauti ya chini.

"Hakuna."

"Mnakwenda wapi basi?"

"Hatuendi mahali. Baba Fatumah ana presha. Anatembea."

Rosa Kiden akafungua kitambaa kiunoni, akakitazama. "Mnatembea bure," akasema. "Mimi nimeacha uji motoni."

Ya kiti nayo ikaleta mambo yake. Kamisi alikuwa anakaa mbele ya nyumba, anainua mikono, anashusha, ananyoosha mguu, anapumua. Rafiki yake Sule, ambaye waliandikwa jeshini mwaka mmoja, akapita akaona, akasema hata yeye kichwa kinamgonga siku hizi. Kesho yake akaja na kiti chake. Wakawa wazee wawili, wanatazama barabara, mikono juu, mikono chini. Haikuchukua muda, Lukumani, mwenyekiti wa kijiji, akaja na baiskeli, akaiegemeza kwenye ukuta, akasimama kuwatazama mpaka wamalize. Hawakumaliza, kwa sababu hawakujua inamalizikaje.

"Afande," Lukumani akamwambia Kamisi, "mimi nakuheshimu kama baba yangu. Lakini watu wanasema asubuhi hapa kuna mafunzo."

"Mafunzo gani?"

"Hilo ndilo nimekuja kuuliza. Jana walisema uko wewe. Leo mko wawili, na nyote wawili mlikuwa jeshi. Wakubwa wa serikali kule Arua wakisikia watasemaje?"

"Waambie tunapumua."

Lukumani akakuna shingo. "Mnapumua."

"Ndiyo."

"Mzee, hata mimi napumua. Siitishi mkutano."

Sule akasema, "Wewe unapumua vibaya. Nakusikia kutoka hapa." Na kweli, Lukumani alikuwa mnene, na baiskeli ilikuwa imemchosha. Akatafuta pa kukaa, akakosa, akakaa kwenye kinu kilichopinduliwa. Kamisi akamweleza yote, kidonge, chumvi, pua, tumbo, moto na majivu. Lukumani akajaribu kidogo akitazama pembeni kama mtu anayeonja chakula cha watu. Akajaribu tena. Mwisho akasimama akasema yeye kama mwenyekiti hakatazi, ila viti vigeuzwe viangalie nyumba, visiangalie barabara, ili mtu anayepita aone migongo tu. Kamisi hakuelewa migongo ya wanajeshi wawili inatisha kidogo kuliko nyuso zao kwa namna gani, lakini viti wakavigeuza.

Siku zikaenda. Jambo la ajabu ni kwamba mwili ulianza kulizoea lile neno la sista, utulie. Asubuhi nyingine, Keji akiwa anasimulia habari ya mbuzi, Kamisi alishtuka kuona wamefika kwenye kona na hakukumbuka kutembea. Kwenye kiti, pumzi ilikuwa inatoka yenyewe, ndefu, na mabega yanashuka. Akiligundua tu, linakimbia. Akawa hajui kama anajifunza ama anajisahau.

Akaenda kwa Laku, dresa wa zahanati ya karibu, kijana wa ukoo wao. Laku alikuwa amekaa barazani anakula muhogo wa kuchoma. Akamfunga kitambaa mkononi huku anatafuna, huku anamuuliza habari za Fatumah na watoto.

"Sajini, presha yako iko nzuri."

"Nzuri namna gani?"

"Nzuri ya kijana. Unataka nyingine?"

Wiki nyingine akapima tena, ikawa nzuri. Akapima mara ya tatu, Laku akasema asimsumbue, aende Arua akakatwe jicho.

Tumbaku ikauzwa. Habari ikaja kwamba daktari amefika. Kamisi akatoa koti lake, lile la kuozea binti, Keji akapiga viatu rangi mpaka vikang'aa, ingawa mwenye viatu hakuweza kuona mng'ao. Wakapanda lori Koboko. Njia nzima Kamisi alikuwa anapuliza moto wake pole pole, ndani ya vumbi, na watu wa kwenye lori wakadhani mzee anasali.

Hospitalini kulikuwa na foleni. Zamu yake ilipofika, akaingia, akasikia sauti ile nzito, akaona weupe ule. "Mzee wa Lobule, karibu. Kaa." Akakaa. Kitambaa kikabana mkono. Kamisi akaangalia mbele. Kitambaa kikalegea.

Sista Driwaru akakifungua, akakifunga upya. Akapima tena.

"Mzee, dawa ulimeza?"

"Kila asubuhi."

"Samaki ya chumvi?"

"Sijaonja."

"Mama?"

"Sista, mimi mwenyewe nimesahau chumvi inafanana na nini," Keji akasema. "Kwangu wote tunakula chakula cha presha."

"Presha iko juu. Iko juu kuliko ile ya kwanza."

Hapo ndipo Kamisi alipopotea kabisa. Kwa Laku nzuri, hapa mbaya. Akasema mashine moja imeharibika, na si ya Laku. Driwaru akamfunga Keji kwa mashine ile ile: nzuri. Akajifunga yeye mwenyewe: nzuri. Kamisi akasema basi ni lori. Akapumzishwa nje, akarudishwa, ikapanda tena. Akasema labda ni mji, labda presha haipendi Arua. Akaanza kumtilia Keji mashaka juu ya samaki, akamwambia hivyo, Keji akamgeuzia mgongo. Na daktari alikuwa amesema leo ndiyo siku ya mwisho ya kukata. Kesho anarudi Kampala.

"Tutapima mara moja tena," sista akasema. "Kaa vizuri."

Akafunga kitambaa. Safari hii, badala ya kutazama mashine, alimtazama mwenyewe. Kamisi alikuwa ameketi kama nguzo ya simu. Mgongo wima, kidevu juu, tumbo limeingia ndani, macho yake mabovu yameukodolea ukuta.

"Mzee, unapumua?"

Kifua cha Kamisi hakikusogea.

"Mzee."

Kamisi akatoa pumzi yote kwa mkupuo. "Sasa napumua."

"Na mwanzo?"

"Mwanzo ulikuwa unapima."

Driwaru akaketi. "Nani alikuambia kupimwa hapana pumua?"

Kamisi hakuelewa kwa nini jambo linalojulikana na kila mtu linaulizwa. "Koplo wetu," akasema. "Hapa hapa Arua, siku ya kuandikwa jeshi. Alitupanga mstari kabla ya daktari mzungu kufika. Akasema, daktari akikushika, funga pumzi, kaza tumbo, tazama mbele. Aliyelegea anarudi kulima. Mimi nikafunga pumzi, nikachukuliwa. Kila mwaka tulipimwa, kila mwaka nilifunga. Mwenzetu mmoja mwaka fulani alijilegeza, alikuwa na usingizi. Wakamwandika anfiti, mwili haufai. Akapewa sanduku lake la bati na tikiti ya treni."

"Na Laku? Kwa Laku unafunga pumzi?"

"Laku?" Kamisi akashangaa. "Laku ni mtoto wa ndugu yangu. Si daktari."

Keji akageuka kutoka kule alikokuwa amegeukia. "Kwa hiyo si samaki," akasema.

Sista akamweleza pole pole. Kule nyumbani kazi yote ameifanya, na ameifanya vizuri. Lakini akija hapa anaukaza mwili, anaziba pumzi, na presha inapanda palepale, mashine inaandika hiyo. Hapa hakuna anayerudishwa kwa kulegea. Hapa aliyelegea ndiye anapita.

Kamisi aliyasikia yote, na aliyakubali. Shida ni kwamba mwili haukuwa kwenye mazungumzo hayo. Sista alipoinuka tu na kitambaa, weupe ule ukisogea, tumbo likaingia lenyewe. Akalitoa kwa nguvu, na nguvu ile ile ikakaza shingo. Akalegeza shingo, magoti yakabana. Driwaru akafikiri, akajaribu kwa njia ya kijeshi, akasema kwa ile sauti yake nzito, "Sajini, pumzika." Visigino vya Kamisi vikagongana chini ya benchi, pa.

"Basi," sista akasema, kwa uchovu. "Kaa nje, mzee. Kuna watu wengine."

Wakakaa nje kwenye baraza. Jua lilikuwa limeanza kuinama. Wagonjwa waliitwa mmoja mmoja, wakaingia, na kila aliyeingia Kamisi alimsikia akipita. Kwa muda alikuwa akijisemea, ingiza kwa pua, toa kwa mdomo, hapana kaza, hapana zuia, mpaka maneno yenyewe yakawa yanamkaba. Mwisho akanyamaza.

"Mama Fatumah. Twende."

"Wapi?"

"Nyumbani. Mimi ni anfiti."

Neno hilo hakuwahi kulitamka juu yake mwenyewe, miaka yote ile. Alilitamka na akangoja kitu kitokee. Hakikutokea. Mtu mmoja alikohoa, mtoto alilia upande wa pili wa ua. Kamisi akainama akafungua kamba za viatu, maana vilikuwa vimembana tangu Koboko na alikuwa amevumilia. Akavivua. Akavua na koti, akalikunja, akampa Keji. Saruji ilikuwa baridi chini ya nyayo na ilikuwa tamu.

"Lori la mwisho limeshaondoka," Keji akasema.

"Tutalala wapi?"

"Kwa yule mama wa Koboko anayeuza chai karibu na stendi. Tutampa nini sijui."

"Mpe koti."

"Koti la kuozea mtoto? Una wazimu."

"Nitalivaa wapi tena? Nitakuwa nakwenda chooni nalo?"

Keji akacheka kidogo, puani. Wakaanza kuulizana kama Sule atakumbuka kuwafungia mbuzi waliyemwachia, Keji akasema hatakumbuka, Kamisi akasema atakumbuka ila atamfunga kwenye muhogo. Kamisi aliegemeza kichwa ukutani, akafumba macho. Hakuwa na hasira. Alikuwa anaona mbele yake ile fimbo, na Keji, na njia, na kila mtu akitazama, na kwa mara ya kwanza aliona kwamba anaweza kuishi na hayo, vibaya, lakini ataishi.

Mtu akamshika mkono, akafunga kitambaa.

"Sista, acha tu," Kamisi akasema bila kugeuza kichwa. "Nimechoka." Lakini mkono alimwachia, kama mtu anavyomwachia jirani jembe lililovunjika. Kitambaa kikabana, kikalegea. Kikabana tena. Kisha nyayo zikaenda, zikarudi na nyingine, na mtu wa pili akapima, na Kamisi alikuwa anawaza kuhusu mbuzi.

"Mtayarishe huyu," sauti ya daktari ikasema. "Atakuwa wa mwisho."

Kamisi akafungua macho. "Nani?"

"Wewe, mzee," Driwaru akasema. "Imeshuka."

"Nimefanya nini?"

"Hapana kitu."

"Lakini nilikuwa nimeshindwa."

"Ndiyo. Kuja, twende pole pole."

Wakamlaza, wakamchoma sindano karibu na jicho, wakamfunika uso ikabaki tundu moja. Kamisi akauliza kama sasa akaze ama alegeze. Daktari akamwambia asitikisike hata kidogo, na apumue kawaida. Asitikisike, hilo alilielewa, ni jeshi. Apumue, hilo ni Keji na mbuzi wa kina Paska. Yote mawili kwa pamoja, kwa mtu mmoja, hakujua yanakaaje. Lakini kisu kilikuwa tayari kimeanza kazi, na pumzi ilikuwa inatoka na kuingia bila kumuuliza.

Asubuhi wakamfungua bandeji. Kwanza aliona mwanga tu, mwingi mpaka machozi yakamtoka. Kisha dirisha. Kisha mbele yake msichana mfupi, mwembamba, mdogo kuliko Fatumah wake, amevaa koti jeupe lililomzidi mpaka magotini, na kandambili miguuni, moja nyekundu moja ya bluu. Kamisi akamtazama, kisha akatazama nyuma yake.

"Sista mkubwa yuko wapi?"

"Sista gani?" msichana akasema, kwa sauti ile ile nzito.

Kamisi akaitafuta sauti ilikotoka. Shingo yenyewe nyembamba vile. Ni huyu aliyekuwa anamgonganisha visigino? Msichana akaanza kumpa maagizo: asiiname, asibebe kitu kizito, asisugue jicho, dawa ya presha iendelee, chumvi ile ile, kutembea kuendelee jicho likipona.

"Na kupumua?"

"Na kupumua."

"Si nimeshakatwa?"

"Jicho ndiyo imekatwa, mzee. Presha yako bado ni yako."

Kumbe mambo ndiyo hayo hayo, jicho na mwenye jicho, kila mmoja kivyake. Kamisi akaitika, ingawa hakuwa na uhakika ameitika nini.

Keji alikuwa anamngoja mlangoni na koti mkononi. Kamisi akasimama mbele yake, akamtazama kwa jicho moja kwa muda mrefu. Nywele za pembeni zilikuwa nyeupe. Chini ya macho kulikuwa na mistari ambayo hakuwahi kuiona, na jino moja la mbele halikuwepo.

"Mama Fatumah," akasema, "umezeeka."

"Nilizeeka kule Yei," Keji akasema. "Wewe ndiyo umechelewa."

Akampa koti, akatangulia kuelekea kwenye malori. Kamisi akabaki amesimama kidogo, anatafuta ilikuwa mwaka gani na yeye alikuwa anatazama nini, kisha akamfuata.